Zahanati mpya au muuguzi wa pili?

Kila mwaka, uwele na alizeti vikishavunwa, mikutano mingi ya vijiji vya Dodoma hurudia ajenda ileile: mchango wa zahanati. Mwenye fedha anatoa fedha. Asiye nazo anafyatua tofali, anachota maji au anasomba mchanga kutoka kwenye mto uliokauka. Boma linapanda mpaka usawa wa renta, kisha linasubiri halmashauri iezeke, na mengine husubiri mpaka kuta zikaanza kumomonyoka kwa mvua.

Wapo wanaosema tuendelee hivyohivyo mpaka kila kijiji kipate zahanati yake. Wengine wanasema tusimame, tuimarishe chache zilizopo, kisha tununue magari ya wagonjwa. Hoja zote mbili zina uzito, ila ya kwanza ina historia ambayo wengi wameisahau.

Mwaka 1971 serikali iliendesha Operesheni Dodoma. Wagogo waliozoea kuishi kwa kutawanyika, kila familia na tembe yake karibu na shamba na malisho, walitakiwa wahamie vijijini, na sababu mojawapo waliyopewa ilikuwa kwamba shule, maji na matibabu vitawafikia wakikaa pamoja. Wakahama. Mwaka 2007 Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ukaiandika ahadi hiyo upya: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Kwa hiyo anayekiambia kijiji leo kitumie zahanati ya jirani anazungumza na watu wanaodai, na deni lao lina zaidi ya miaka 50.

Halafu kuna mito. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Korongo ambalo Septemba ni njia ya ng'ombe, Februari linashuka na maji ghafla na hakuna bodaboda inayothubutu kuvuka. Kwenye ramani zahanati iko kilomita 6 tu. Kwa mjamzito aliye ng'ambo, siku hiyo zahanati haipo kabisa.

Hata hivyo, jengo halizalishi mtu. Zahanati yenye muuguzi mmoja hufungwa siku anayopeleka taarifa wilayani, siku ya semina, siku anayougua mwenyewe. Asipokuwa na nyumba ya mtumishi, atapanga chumba mbali, na usiku atakuwa huko. Maji nayo ni shida ya ukanda huu wote. Kongwa ilijulikana kwa vikope, ugonjwa wa macho unaostawi pale ambapo maji ya kunawa uso ni ya kuhesabu. Zahanati isiyo na bomba inazalisha kwa maji ya dumu waliyokuja nayo ndugu. Tena, mama anayevuja damu nyingi anahitaji kuongezewa damu, pengine na upasuaji, na vitu hivyo zahanati haina. Kinachomwokoa ni kufika haraka kwenye hospitali au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Ndiyo maana naupa heshima mfumo wa M-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: unapiga 115 bila malipo, linatafutwa gari la wagonjwa, na likikosekana anaitwa dereva wa eneo hilo ambaye analipwa kwa safari hiyo.

Ninachoona pande zote mbili zinakipita ni kalenda ya mfuko wa mkulima. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo Dodoma iliijaribu tangu mwaka 2011 kabla haijasambazwa nchini, ilitaka shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Julai, kaya nyingi zinaweza kuuza gunia zikalipa. Februari, wakati malaria imepanda na chakula kinapungua ghalani, kiasi hichohicho ni mbuzi. Aliyelipa akafika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue duka la dawa, mwaka unaofuata harudii, na simlaumu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo, na hilo ni jema sana. Lakini kadi ya bima ina thamani mahali palipo na dawa na mtu wa kuitoa.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kusimama, kwa sharti moja. Vijiji vinavyokatwa na mito wakati wa mvua vijengewe, hata kama watu wake ni wachache, maana gari la wagonjwa haliwezi kuwafikia. Kwingine kote, fedha za boma jipya ziende kwanza kwenye zahanati inayofanya kazi: muuguzi wa pili, nyumba yake, tangi la kuvuna maji ya mvua. Na mchango wa bima ya afya ukusanywe palepale kwenye mavuno, pamoja na wa ujenzi, si Januari.

Najua uamuzi huo utaumiza kijiji kilichokwisha fyatua tofali zake. Hao wana haki ya kusimama kwenye mkutano na kumuuliza diwani zahanati ya jirani itapata lini muuguzi wa usiku, na kama hana tarehe ya kuwapa, sina hoja ya kuwazuia wasiendelee kujenga.