Kabla ya kuhesabu kilomita za bajaji, pimeni malori

Hoja kwamba kila chombo kilipie barabara kwa kilomita kinazotembea, badala ya kwa lita za mafuta, naikubali. Bajeti ya 2017/18 iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na pengo lake likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta. Tangu hapo, asiyepita sheli hachangii lami. Pikipiki na bajaji za umeme zikizidi kuingia Tanga, mfuko wa barabara utapungukiwa, hilo halina ubishi.

Ninapogoma ni pale mtu anaposema tuanze na bajaji na teksi za kuitwa kwa simu, kwa kuwa programu zake zinajua umbali wa kila safari. Ni kweli zinajua. Ukiita chombo Raskazone kikupeleke stendi ya Kange, kilomita zimeshaandikwa hata hujakaa. Lakini tangu lini urahisi wa kumpima mtu ukawa sababu ya kumtoza?

Kinachoumiza lami ni uzito. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa mzigo wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ukiongezeka mara mbili, uharibifu hupanda kama mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu gari zima lifike tani 56. Bajaji yenye abiria watatu haifiki hata tani moja. Simama Pongwe utazame malori ya saruji yanavyopita, halafu uniambie nani aanze kulipa. Nyuzilandi wanatoza magari ya dizeli kwa umbali tangu 1978, na kiwango chao kinategemea uzito na ekseli. Magari madogo ya umeme waliyaingiza kwenye tozo hiyo baadaye kabisa, Aprili 2024.

Halafu tuseme ukweli kuhusu mtu atakayelipa. Dereva ana hesabu ya tajiri kila jioni, na programu inakata kamisheni yake. Ukimwongezea tozo, hataandamana. Atakwambia tu, "Dada, futa safari kwenye simu, tumalizane mkononi." Mchezo huo upo tayari, na tozo itaukuza. Serikali itakosa pesa, na wewe abiria utakosa ile kumbukumbu inayoonyesha ulipanda chombo gani usiku ule. Mimi kama mwanamke hilo la pili linanikera kuliko la kwanza.

Tena abiria wakichangia chombo kimoja, magari mengine yamebaki nyumbani. New York walilizingatia hilo mwaka 2019: gari la kuitwa kwa simu likiingia Manhattan chini ya mtaa wa 96 lilitozwa dola 2.75 kwa safari, lakini safari ya kuchangia ilitozwa senti 75 kwa kila abiria. Anayechangia alipunguziwa. Huku kwetu daladala na bajaji ndiyo usafiri wa wengi, na tunataka wawe wa kwanza kubanwa!

Malori yaanze. Mizani ipo barabarani, uzito unajulikana, na safari zake zina nyaraka. Yafuate magari binafsi ya umeme, ambayo mengi ni ya wenye uwezo: mita ya kilomita isomwe mwenye gari anapokwenda kukata bima, kila mwaka. Wala hapo haihitajiki setilaiti ya kumfuata mtu hadi Pangani.