Radwańska hakuchukua Grand Slam. Kwa hiyo?

Kuna swali moja linaloua kila mjadala wa michezo hapa Dar: "Kachukua nini?" Mtaje mchezaji yeyote kijiweni, kahawa haijapoa utakuwa umeshaulizwa. Swali hilo linanikera zaidi likimfika Agnieszka Radwańska, yule Mpoland aliyestaafu tenisi Novemba 2018 akiwa na miaka 29. Kwa mchezaji mmoja mmoja hakuchukua Grand Slam hata moja, yale mashindano manne makubwa ya tenisi (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open), na wengi wakishajua hilo wanafunga daftari.

Haya, tuhesabu, maana watu wa makombe hawasikii lugha nyingine. Mataji 20 ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake. Nafasi ya pili duniani. Fainali ya Wimbledon 2012 dhidi ya Serena Williams, Mpoland wa kwanza kufika fainali ya Grand Slam peke yake uwanjani tangu Jadwiga Jędrzejowska mwaka 1939. Alikuwa anaumwa mafua makali, na bado alimnyang'anya Serena seti ya pili. Mwaka 2015 kule Singapore, kwenye mashindano ya kufunga msimu yanayokutanisha wanane bora, alipoteza mechi mbili za mwanzo za kundi na watu wakaanza kumkatia tiketi ya kurudi Kraków. Akamfunga Halep, akamtoa Muguruza, fainali akamalizana na Petra Kvitová 6-2, 4-6, 6-3.

Ila mimi mataji hayo hayanigusi kama namna alivyokuwa akicheza. Enzi zake tenisi ya wanawake ilitawaliwa na mabavu: mtu anapiga mpira kama ana ugomvi nao. Radwańska hakuwa na misuli hiyo, na wala hakujifanya anayo. Alichukua nguvu ya mwenzake akaitumia yeye. Mpira ukimjia kwa kasi miguuni, wengine wangerudi nyuma; yeye anachuchumaa palepale kwenye mstari, goti karibu liguse chini, raketi inakutana na mpira mara tu unapodunda, na mpira unarudi ulikotoka kwa kasi ileile. Ukisogea wavuni anakupiga kanzu. Ukirudi nyuma anaudondosha karibu na wavu, unaanza kukimbia upya. Kuanzia 2013 mpaka 2017, kila mwaka pigo lake ndilo lililochaguliwa kuwa pigo bora la mwaka la WTA. Angekuwa anasakata kabumbu pale Kwa Mkapa, jukwaa zima lingemwita fundi.

Sitamtetea kwa kila kitu. Mpira wake wa pili wa kuanzishia, ule unaopigwa wa kwanza ukikosea, ulikuwa mwepesi mno, wapinzani wakubwa waliusubiri kama watu wanaosubiri mshahara. Na Wimbledon 2013 ni yake ya kujilaumu. Serena, Sharapova na Azarenka walikuwa wameshatoka, njia nyeupe. Nusu fainali dhidi ya Sabine Lisicki, seti ya tatu, anaongoza 3-0. Akafungwa 9-7. Nafasi ya namna ile haikurudi tena.

Sasa nije nyumbani. Filbert Bayi hana dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:32.2, akiwa mbele tangu mwanzo mpaka utepe, rekodi ya dunia. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal, na mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha kutoka Moscow, ya kuruka viunzi na maji. Hujawahi kumsikia Mtanzania akiuliza Bayi kachukua nini. Yanga nao walipopoteza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini, Dar iliwapokea kwa shangwe. (Watani wangu wa Msimbazi watasema shangwe ile ilizidi. Waseme.) Tunajua kabisa kumheshimu aliyekosa kombe kubwa, basi tu akiwa wa kwetu.

Halafu kuna hili ambalo halihesabiwi popote. Tomasz Wiktorowski, kocha aliyekuwa na Radwańska miaka yake mizuri, ndiye aliyekuja kumfundisha Mpoland mwenzake Iga Świątek na kushinda naye French Open tatu mfululizo, 2022 hadi 2024, pamoja na US Open 2022. Siwezi kuamini kwamba aliyojifunza pembeni ya Radwańska aliyaacha mlangoni.

Kwa hiyo ukiwa na binti mwembamba anayeanza tenisi, na kila mtu uwanjani anampigia kelele aongeze nguvu, usimtafutie video za Serena kwanza. Mtafutie fainali ya Miami 2012, Radwańska na Sharapova, 7-5, 6-4. Sharapova anapiga, mpira unarudi. Anapiga zaidi, unarudi. Mwishowe anautoa nje mwenyewe.