Ndege inapotumwa kuua ndege

Mtama ukianza kutia maziwa, swali la Dodoma huwa ni moja: kwelea kwelea, vile vindege wala nafaka, wameingia; ndege ya kupuliza sumu inakuja lini? Mkulima wa Bahi au Chamwino ana haki ya kuuliza. Miaka yote amehimizwa apunguze mahindi, apande mtama na uwele vinavyostahimili ukame. Sasa kwelea hana habari na mahindi, punje yake imemzidi mdomo. Anakula kile kile tulichoambiwa tupande. Watoto wanashinda kwenye dungu na kombeo badala ya shuleni, na jioni masuke ni makapi. (Wageni wanaokwenda Ruaha kutazama ndege hulipa ili walione wingu hilo hilo la kwelea. Ukiwa na ekari mbili za uwele, uzuri wake huuoni.)

Lakini hesabu inayotumika kuiita ndege hiyo inanikera. Kwelea mmoja, tunaambiwa, hula gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja basi hula tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Kuzidisha kumefanywa sawasawa, ila gramu zote 10 zimehesabiwa kama zimetoka shambani. Chakula cha kwelea ni mbegu za nyasi za porini, na shamba huliingia zaidi nyasi zikimwishia. Kundi linalolala kwenye vichaka vya miiba linaweza kuwa halijagusa suke hata moja. Tukiliua, tumeokoa magunia mangapi? Idadi ya ndege waliokufa tunatangaziwa. Magunia yaliyopona sijawahi kuyasikia.

Na sumu yenyewe, fenthioni, humwagwa machweo juu ya malalo, pale kundi linapolala, nayo haichagui. Mwewe na bundi wakiokota kwelea aliyelegea, nao hulegea. Bundi huyo ndiye anayetupunguzia panya. Na mwenye njaa akikuta kitoweo kimetapakaa chini bure, nani atamzuia asijaze ndoo?

Kondoa wana njia yao: mitego ya kusukwa kwa nyasi. Kwelea ananaswa, analiwa, anayebaki anauzwa. Ni kweli mtego haumalizi kundi la milioni, na hunasa hata njiwa asiyehusika. Lakini sumu nayo imemaliza nini? Imepulizwa Afrika tangu enzi za ukoloni, na kwelea bado ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Hufuata mvua mamia ya kilomita. Ukifagia Bahi leo, kesho wanashuka wengine.

Sisemi rubani abaki nyumbani. Kundi kubwa lililoganda kwenye mashamba halisubiri mtu asuke mtego. Ila kabla injini haijawashwa, wakamatwe kwelea ishirini pale malaloni, wapasuliwe gole, ule mfuko wa chakula shingoni, ionekane mna mtama au mbegu za nyasi. Ni kazi ya nusu saa na wembe mmoja.