Tope la Ziwa si Daftari la Upepo

Ikitajwa Greenland, wengi wetu huona barafu na theluji, na vumbi halimjii mtu akilini. Hata hivyo Kangerlussuaq, upande wa magharibi wa kisiwa hicho, ni mahali pakavu mno: mvua na theluji ya mwaka mzima, vikijumlishwa, ni takriban milimita 150 za maji. Siku ambayo upepo mkali unashuka kutoka kwenye barafu kuu ya bara, wingu la kijivu hutimka kwenye tambarare za mito na kuelekea maziwa.

Vumbi hilo ni mwamba uliosagwa. Barafu inapojikokota husaga mwamba ulio chini yake ukawa unga, maji ya myeyuko huubeba na kuutandaza mabondeni, na maji yakishapungua, upepo huuokota, hasa katika majira ya kuchipua na ya vuli.

Ninachokipinga ni mazoea ya watafiti ya kulitoboa tope la chini ya ziwa na kulisoma kana kwamba ni daftari ambamo upepo umeandika mwenyewe, mwaka kwa mwaka. Udongo wa miteremko inayoyazunguka maziwa hayo, ule ule unaoshikwa na mizizi ya mierebi mifupi, kwa sehemu kubwa ni vumbi lililotua kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo chembe iliyomo ziwani huenda iliangukia majini moja kwa moja, au ilitua juu ya ziwa lililoganda ikasubiri barafu iyeyuke ndipo izame, au ilikaa mlimani karne kadhaa kabla ya kukokolewa na maji. Kwa macho, zote tatu ni tope lile lile. Ndiyo maana umri wa tope zima unaopimwa kwa kaboni yenye mnururisho, ambayo hupungua kadiri mabaki ya viumbe yanavyozeeka, mara nyingi hutoka mkubwa kuliko ukweli, kwa kuwa mabaki ya mimea yaliyohifadhiwa udongoni huingia ziwani yakiwa tayari ni ya kale. Jani moja lililosalimika lina ushahidi bora kuliko kijiko kizima cha tope.

Tena upepo hauleti tu, bali huchukua pia. Karibu na ukingo wa barafu hulipasua zulia la mimea na kuichimbua ardhi hadi kwenye kokoto, ukiacha mabaka matupu yenye kingo zilizosimama wima kama kuta ndogo. Mabaka hayo hufunikwa taratibu na gamba jeusi la kuvu na vijidudu, na vichaka huchelewa sana kurudi. Udongo uliotoka hapo nao lazima utue mahali fulani, na sioni sababu ya kuuhesabu kama vumbi jipya la mtoni.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Maziwa hayo yana uhaba wa virutubisho, na vumbi huyaletea fosforasi, lakini sehemu kubwa ya fosforasi hiyo imefungwa ndani ya madini. Unga uliopitia udongoni, ukaguswa na asidi za mizizi zinazoweza kuifungua fosforasi hiyo, haulingani na uliodondoka majini jana. Kwa maoni yangu, atobowaye tope la ziwa achimbe pia mashimo mawili matatu kwenye mteremko ulio juu yake, hata kama koleo halina fahari ya mtambo wa kutobolea.