Judo na jujitsu: zinakufaa kiasi gani ukivamiwa?

Shindano la kwanza la UFC, mapigano ya kukutanisha mitindo mbalimbali, lilifanyika Denver, Marekani, Novemba 12, 1993. Royce Gracie wa Brazili, mwembamba wa kilo 80 hivi, aliwashinda watatu usiku mmoja kwa jujitsu, mtindo wa kumwangusha mtu na kumkaba mkiwa chini. Bondia Art Jimmerson, aliyepanda ulingoni na glavu moja, aliangushwa, akakaliwa juu, akasalimu amri hata kabla ya kukabwa. Kwa wapenzi wengi wa mchezo huu, mjadala wa kujihami ulifungwa siku ile.

Haujafungwa, ingawa wanaowabishia mara nyingi hushika hoja mbovu. Husema mtaani hakuna refa, nitakung'ata. Kwenye fainali ya usiku uleule Gracie alilalamika kuwa Gerard Gordeau kamng'ata sikio. Kilichofuata ni kabali, na Gracie hakuwa na haraka ya kumwachia.

Nguvu ya michezo ya kushikana iko kwenye mazoezi yake. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka 1882, mbinu za hatari zaidi hakuziruhusu kwenye randori, yaani pambano huru la mazoezini, ili zilizobaki zijaribiwe kwa nguvu zote. Ndiyo maana mwanafunzi wa miezi michache tu anajua kutulia na kupumua huku amelaliwa na mtu mzito asiyetaka kutoka. Anayefundishwa kutoboa macho, je, ameshalitoboa la nani?

Lakini mazoezi hayohayo hujenga mazoea mabaya. Katika mashindano ya jujitsu ya Kibrazili, mchezaji anaweza kumshika mwenzake nguo kisha akakaa chini kwa hiari, apigane akiwa chali. Pale ni mbinu halali. Kwenye lami, ukiwa umemng'ang'ania mmoja, mwenzake anakupiga teke la kichwa. Na mikono yako yote miwili ikiwa na kazi, kisu hukioni kikichomolewa. Chini si mahali pa kwenda kwa kupenda.

Kwa hiyo mimi ningeweka mbele judo na mieleka: kumwangusha mtu wewe ukabaki wima, kujinasua na kukimbia. Kujua kuanguka ni faida nyingine, maana wengi wetu tutateleza bafuni kabla hatujakutana na kibaka.

Kushikana kunafaa pia pale usipotaka kuumiza, mfano kumtuliza ndugu aliyelewa. Ngumi haina kipimo hicho. Kabali nayo si ya mzaha: ikibana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, mtu huzimia kwa sekunde kumi hivi, na ukiendelea kubana unaweza kumuua na kujieleza mahakamani.

Ukitafuta klabu, muulize mwalimu kama wanafunzi wake hufanya mazoezi ya kuinuka huku wakirushiwa ngumi. Akisema hapana, jiunge kwa ajili ya michezo tu.