Shule shikizi: kitongoji kijenge mpaka darasa la ngapi?

Kitongoji kilichoko kilomita sita au saba kutoka shule ya kijiji kina hoja nzito ya kujijengea shule shikizi, yaani shule ndogo ya madarasa ya chini karibu na nyumbani: mtoto wa miaka mitano au sita hawezi kwenda na kurudi umbali huo kila siku, halafu akabaki na nguvu ya kushika herufi. Matokeo yanajulikana. Anaandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka tisa au kumi, miguu ikishakomaa, na anakuwa mkubwa kuliko wenzake hadi mwisho.

Chanzo cha umbali huu ni cha zamani. Nchini Tanzania, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu vijijini, na Azimio la Musoma la 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote, hivyo shule nyingi zikajengwa katikati ya kijiji cha wakati ule. Baadaye watu walirudi kwenye mahame yao, wengine wakafungua mashamba mapya, na shule ikabaki pale pale. Shikizi ndiyo jibu la wananchi: vyumba viwili vitatu karibu na makazi, chini ya usimamizi wa shule mama, yaani shule kamili ya kijiji, kwa watoto wa awali hadi darasa la pili au la tatu. Serikali nayo iliikubali njia hii. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 wa 2021, madarasa 3,000 kati ya 15,000 yalitengwa kwa shule shikizi, kila chumba shilingi milioni 20.

Wanaopinga si watu wasiojali watoto. Walimu wakuu na maafisa elimu kata wengi wana mashaka yenye hesabu ndani yake. Tuchukue shikizi ya watoto 90, awali hadi darasa la tatu. Kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inastahili walimu wawili, lakini madarasa ni manne. Mmoja akienda semina au akiugua, aliyebaki ana madarasa manne peke yake. Wa awali wanaimba, wa kwanza wananakili, wa tatu wanasubiri. Hali ikiendelea hivyo kwa muhula mzima, mtoto anafika shule mama darasa la nne hajui kusoma, na upimaji wa kitaifa wa darasa hilo hauulizi alitoka wapi.

Fedha zinabana vilevile. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazopelekwa shuleni. Kwa watoto 90 ni 540,000 kwa mwaka, yaani 45,000 kwa mwezi. Tena shikizi isiyosajiliwa haina akaunti. Fedha huingia shule mama, na chaki zikipungua, shikizi ndiyo hupungukiwa kwanza. Dawa yake ni muhtasari wa kikao: kamati ya shule mama iandike sehemu ya shikizi kulingana na idadi ya watoto wake, na mzazi mmoja wa kitongoji aingie kwenye kamati.

Mwalimu wa kujitolea huonekana kuwa suluhisho. Kaya 60 zikichanga shilingi 2,000 kwa mwezi, ni 120,000. Ugumu unakuja Januari hadi Machi, chakula kikiwa kimepungua ghalani na fedha hakuna. Michango hukatika, mwalimu huondoka, na ndio wakati darasa la kwanza wanaanza kuunganisha silabi. Ni afadhali kuchanga mazao baada ya mavuno: debe moja la mahindi kwa kaya ni gunia kumi, zinahifadhiwa na kuuzwa kidogo kidogo bei inapopanda.

Pamoja na hayo yote, shikizi ina faida kubwa, ila kwa masharti. Sharti la kwanza ni kujua tatizo lenyewe. Fungueni daftari la mahudhurio la shule mama, mhesabu watoto wa kitongoji waliokosa masomo, mwezi kwa mwezi. Utoro ukijaa Machi na Aprili tu, kinachowazuia ni korongo, na kivuko cha miguu kinaweza kutosha. Ukiwa wa mwaka mzima, tatizo ni umbali.

La pili ni nyumba ya mwalimu. Hapa vitongoji vingi vinakosea: chumba cha kwanza kikiisha, nguvu zote zinaelekezwa kwenye chumba cha pili. Mwalimu anayepanga kijiji cha jirani na kuja kwa bodaboda atafika saa tatu masika yakianza, na baada ya mwaka ataomba uhamisho. Chumba kimoja chenye mbao mbili za kuandikia kwenye kuta zinazotazamana kinaweza kubeba madarasa mawili yaliyokaa kwa kupeana migongo, moja likisomeshwa kwa mdomo huku jingine likiandika. Mwalimu asipokuwa na pa kulala, mbao hizo hazimsaidii mtoto.

La tatu, ramani ya mhandisi wa halmashauri itangulie jembe. Boma lililoinuliwa kwa tope bila mkanda wa zege, likaachwa masika mawili likisubiri kupauliwa, huishia kukataliwa, na jasho la msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, linapotea. Ni heri kuweka akiba ya bati kabla ya kuanza ukuta.

Suala la bweni kwa wadogo badala ya shikizi limeshafungwa: mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Kwa hiyo, mpaka darasa la ngapi? Kwa maoni yetu, la tatu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kutembea na wenzake hadi shule mama, ambako kuna walimu wa masomo yote. Kukimbilia kusajili shule kamili ya watoto 150 ni kujipa walimu watatu au wanne kwa madarasa yote.

Na kalenda inawapa wananchi hoja ya kudai. Kwa mtaala mpya, ambao elimu ya msingi huishia darasa la sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027. Kuanzia 2028 shule mama haitakuwa na darasa la saba, na nafasi ya mwalimu inaweza kupatikana kwa ajili ya shikizi. Lakini Januari 2028 makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja, na fedha za ujenzi zitavutwa kuelekea sekondari. Kitongoji kinachotaka mwalimu huyo kipeleke ombi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya bajeti ya 2027/2028 kufungwa, kikiambatanisha orodha ya watoto na picha ya nyumba iliyokwisha kuezekwa.