Wembley Itajaa, Lakini Jumatatu Atataniwa Nani?

Zile Jumapili za Oktoba ambazo NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, wanacheza Tottenham hapa London, barabara kuu haipitiki. Basi langu la kazini linageuzwa njia, nashuka, natembea na kikapu changu cha chakula katikati ya watu wenye jezi. Kutembea si neno. Kinachonikera ni jezi zenyewe. Timu zinazocheza siku hiyo ni mbili, lakini barabarani utadhani ligi nzima imehamia kwetu: huyu Cowboys, yule Packers, mwingine Raiders, wamekumbatiana, wanapigana picha, wanagawana bia. Hakuna anayemwambia mwenzake leo mtakiona. Hakuna hata mmoja!

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, kwa mjomba wa Coastal Union ambaye wiki ya mechi na African Sports alikuwa hagusi chakula kwa shemeji yake, kisa shemeji ni Mwana Kimanumanu, yaani wa African Sports. Sasa ukinionyesha umati wa mashabiki usio na mtu mwenye kinyongo, mimi naona harusi. Mpira siuoni.

Huku wanabishana kila msimu kama futiboli ya Kimarekani itashika Uingereza. Wenye kusema itashika wanakuonyesha viti vilivyojaa. Viti vilijaa zamani sana, jamani. Channel 4 walianza kuionyesha mwaka 1982. Agosti 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys walikuja Wembley, na lile jitu lao William Perry, waliyemwita Friji, likawa kivutio kuliko mechi yenyewe. Mwaka 1991 London wakawa na timu yao, Monarchs, wakaifunga Barcelona Dragons 21-0 kwenye fainali hapohapo Wembley mbele ya watu zaidi ya 61,000. Ungekuwepo ungesema mambo yamekwisha, mchezo umeota mizizi. Baada ya 1998 Monarchs hawapo. Kabla ya kufa walihamishwahamishwa viwanja, hata White Hart Lane ya zamani walipita, uwanja ukawa mfupi ikabidi wacheze yadi 93 badala ya 100. Perry naye aliichezea timu hiyo mwaka 1996, na hilo halikuiokoa.

Mwaka 2007 NFL wakaifunga ile ligi yao ya Ulaya walimocheza Monarchs, na mwaka huohuo wakaanza kuleta mechi za ligi yenyewe: Giants na Dolphins, mvua, matope, Giants 13-10. Tangu hapo, ukiacha 2020 ya korona, kila mwaka wako London. Jacksonville Jaguars ndio wazoefu, wanakuja tangu 2013. Tajiri wao, Shad Khan, ndiye mwenye Fulham. Ukiwa na timu inayokuja mjini kwako miaka yote hiyo, ungetegemea ikifungwa Jumapili, Jumatatu mtu aogope kwenda kazini. Nafanya kazi na Waingereza kwenye nyumba ya wazee, wapo wanaolipia chaneli ya NFL kwa hela yao, na sijaona mmoja akinyanyaswa kwa ajili ya Jaguars. Wanaulizana "ulienda?" Wanajibu "nilienda, safi sana." Basi. Kama wametoka kwenye maonyesho ya sabasaba.

Sasa nikumbusheni ile Jumatatu ya Agosti 2011, baada ya Manchester United kutupiga nane-mbili. Sisi wa Arsenal tulikaa wapi? Mimi nilizima simu. Muuza chapati aliniuliza nataka nane au mbili. Mwalimu, mtu mzima na heshima zake, aliandika ubaoni 8 − 2 akaniita mimi nijibu. Na Old Trafford hakuna aliyewahi kufika, si mimi, si mwalimu, si muuza chapati. Mechi tuliionea kwenye kibanda umiza cha mtaani, jero (shilingi mia tano) mlangoni, mabenchi ya mbao, joto la kukutoa jasho mpaka kwenye kope, na umeme wenu mnaujua. Pale ndipo ligi ya watu wengine iligeuka kuwa yetu.

Najua mnachoandaa kuniandikia. "Mgosi, umebeba maboksi mwaka mmoja unatufundisha mpira?" Tulieni. Mimi nawasifia! Nasema hivi: kwenye kazi ya kuchukua mchezo wa wageni na kuufanya ugonjwa wa nyumbani, Mwingereza haoni ndani. Yeye anaambiwa achague timu ya Marekani, anachagua kwa rangi ya kofia, mwakani anabadilisha. Kwetu ukibadilisha timu, hata posa inaweza kurudishwa.

Tena kuna jambo ambalo halikunipita kooni nilipofika. Jumamosi saa tisa alasiri ya huku, mechi zinachezwa na televisheni ya Uingereza hairuhusiwi kuzionyesha mubashara. Ni utaratibu wa miaka mingi, wa kulinda viwanja vya timu ndogo visikose watu. Yaani Tanga nilikuwa naziona, nimevuka bahari kuja kukaa nazo mji mmoja, sizioni. Nilitukana. Baadaye nikaelewa kwamba hawa watu wanajua mapenzi ya timu yanaanzia wapi: uwanja wa karibu, baba yako, jirani wa timu nyingine. Na ndiyo maana Aprili 2021, vilabu sita vikubwa vya Uingereza vilipotaka kujiingiza kwenye Super League isiyoshuka daraja, mashabiki waliingia barabarani na ndani ya siku mbili vyote sita vikajitoa. Miongoni mwa wenye vilabu hivyo ni Wamarekani: akina Glazer wa Manchester United wana Tampa Bay Buccaneers, Kroenke wa Arsenal ana Los Angeles Rams. NFL ndiyo hiyohiyo ligi isiyoshuka daraja, timu 32, ukishika mkia unazawadiwa kuchagua kijana bora wa chuo kikuu. Mwambie mzee wa Sunderland kwamba wa mwisho anapewa zawadi, uone atakavyokutazama.

Saa nazo zinawakataa. Ligi ya Uingereza ilitukuta jioni, tumetoka kazini, chai imeshanywewa. Super Bowl, fainali ya NFL, huku inaanza saa tano na nusu usiku wa Jumapili, inaisha karibu saa tisa na nusu usiku, na zamu yangu inaanza alfajiri. Na katika mechi ya kawaida ya saa kama tatu, waliowahi kupima wanasema mpira wenyewe unatembea dakika kama 11 tu. Mengine ni kusimama, kujipanga, na matangazo.

Kuna kijana kazini anaucheza kweli, timu ya ridhaa. Helmeti kanunua mwenyewe, kinga za mabega mwenyewe, ada ya klabu analipa. Sisi tulicheza chandimu kwa soksi na mifuko ya plastiki. Huyo kijana namheshimu, lakini mchezo unaokutaka uwe na mshahara kwanza hauwezi kumkuta mtoto wa miaka sita barabarani.

Mtauliza, "Mbona Efe Obada alitoka huku akafika NFL?" Ndiyo, Obada ni hadithi kubwa: mzaliwa wa Nigeria, aliletwa London akiwa mtoto na kutelekezwa, akacheza mechi chache na London Warriors, timu ya huku, akafika Carolina Panthers. Majirani zetu wa Kenya wana Daniel Adongo, alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013. Na Louis Rees-Zammit wa Wales aliiacha raga Januari 2024 kwenda kujaribu NFL, mwaka uliofuata akarudi. Lakini kupeleka wachezaji Marekani ni jambo jingine kabisa. Jamaica wanatoa wanariadha dunia nzima, na Dar es Salaam bado hakuna anayegombana kwa ajili ya mita mia.

Msidhani nimesahau upande wa pili. Mapenzi yetu ya Arsenal yana gharama yake, na inaniuma. Mkwakwani, uwanja wa Coastal, kuna siku ungeweza kuwahesabu watu kwa vidole, na hatua chache tu kutoka hapo kibanda kimejaa mpaka dirishani. Coastal, mabingwa wa Bara 1988! Vijana wanajua jina la kipa wa akiba wa Chelsea, kipa wa Coastal hawamjui. Na huo utani ninaousifia, tukiuachia kamba unafanya ya Machi 8, 2025, mechi ya Simba na Yanga ilipoahirishwa, sina haja ya kueleza zaidi. Tottenham wao wana nyasi zinazokatika vipande vitatu na kuingia chini ya jukwaa ili kapeti la NFL litokeze. Sisi na taa za uwanja wetu wa Mkapa pale Dar, tuyaache.

Kitu pekee kinachoweza kunibishia ni ile futiboli ya vitambaa, isiyo na kugongana: unafunga vitambaa kiunoni, ukichomolewa kimoja umesimamishwa. Itakuwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Hiyo haitaki helmeti, haitaki hela. Wakiipeleka kwenye shule za Edmonton na za Tottenham huku London, wakaacha watoto wazomeane wenyewe bila muziki na fataki, nitakaa kimya.

Ila Roger Goodell, bosi wa NFL, hoja yake si vitambaa. Yeye ameshasema hatashangaa Super Bowl ikichezwa London siku moja. Ailete. Tiketi zitaisha kabla hujamaliza kufungua simu. Na mimi nikipata ya bure naenda, msiniulize tu nitamshangilia nani.